Simu yangu ya kwanza ya kupangusa imejaa majina ya watu nisiowajua, na bando linaisha nimelala

mkorosho_newala

Habari za jioni wakuu. Mimi ni mkulima wa korosho huku Newala, umri umeenda kidogo, na miaka yote nimetumia kitochi, chaji inakaa siku nne tano, ikidondoka unaokota vipande vitatu unavirudishia inawaka. Sasa malipo ya korosho yalivyoingia wanangu wakanisumbua baba nunua simu kubwa uone wajukuu, basi nikashuka Masasi nikapata moja iliyotumika, laki moja na kumi, RAM 2 ujazo 32, kioo hakina hata mchubuko. Kijana wa dukani akaniwekea kila kitu palepale, akaniwekea WhatsApp, akanibandikia na protekta, akasema mzee hii iko tayari wewe tumia tu.

Nikifungua sehemu ya majina nakuta watu siwajui kabisa. Mimi nina majina kama 60 hivi, simu inaonyesha 400 na kitu. Kuna Fundi Friji, kuna Mama Sabuni, kuna Usipokee, kuna mmoja ameandikwa Deni 45. Nikajua ni ya mwenye simu wa zamani, nikaanza kufuta mmoja mmoja usiku nikiwa sina kazi, nimeshamaliza herufi D.

Halafu bando. Niliweka GB 1 ya wiki saa mbili usiku, nikalala, asubuhi naamka nakuta meseji bando limeisha. Simu ilikuwa mezani hakuna aliyeigusa. Mke wangu anasema kuna mtu anaitumia kutoka mbali. Nimeizima tangu juzi, hapa nimeiwasha niandike hii tu, naandika kwa kidole kimoja mnisamehe.

chizi_wa_kitaa

Mzee shikamoo. Huyo Deni 45 ulimfuta?? Kuna mtu huko anashukuru Mungu saa hizi 😂

jembe_la_mtaa

Piga fomati hiyo simu mkuu, unashika batani ya sauti na ya kuwashia kwa pamoja, inaanza upya kama imetoka kiwandani. Dakika tano umemaliza.

fundi_wa_kona

@jembe_la_mtaa acha kumponza mzee aisee. Akiifomati kwa batani bila kutoa akaunti iliyomo, ikiwaka itamuuliza ile Gmail ya mwanzo na paswedi yake, asipokuwa nayo haingii, anabaki na kioo cha kujitazamia. Ni ulinzi wa Android dhidi ya wezi, upo tangu toleo la 5.1 mwaka 2015. Kila wiki naletewa simu za hivyo na wenyewe wamezinunua halali kabisa.

Shikamoo mzee. Hakuna mchawi hapo wala mtu anayeitumia kutoka mbali, ingawa mama hajakosea sana. Simu ya Android haifungui Play Store, lile duka la programu, bila akaunti ya Google, sasa vijana wengi wa madukani wanaona kumfungulia mteja akaunti mpya ni kupoteza muda, ataulizwa tarehe ya kuzaliwa, ataulizwa paswedi, foleni inakua, basi dogo anaingiza Gmail yake mwenyewe anamaliza kazi. Akaunti ikiingia inakuja na majina yote ya mwenyewe. Hao 400 ni watu wa yule kijana, sio wa mwenye simu wa zamani. Na majina unayosevu wewe, kama umesevu kwenye akaunti na sio kwenye laini, yanaenda kwake. Mkwe wako yuko kwenye simu ya dogo muda huu.

Sasa hiyo ya kufuta iache leo hii. Ukifuta kwako, na kwake vinafutika. Ameshapoteza A mpaka D na huenda hajajua.

Kingine, naomba usishtuke. Ulipiga picha yoyote na hiyo simu?

mkorosho_newala

Marahaba. Nimepiga nyingi tu mwanangu, mbuzi, mke wangu akibangua korosho, na juzi nilipiga kitambulisho cha NIDA mbele na nyuma nikamtumia binti yangu Dar kuna kitu ananifuatilia. Kwa nini unauliza?

fundi_wa_kona

Kwa sababu Google Photos ikiwashwa bakapu, yaani kutunza nakala mtandaoni, inapeleka kila picha kwenye akaunti iliyoko kwenye simu, yaani ya dogo. Na kama imeruhusiwa kutumia data ya simu badala ya kusubiri wifi, hapo ndipo GB yako ilipoanzia safari. Fungua ile programu ya Photos, yenye alama kama pangaboi la rangi nne, gusa duara la juu kulia, itakuambia bakapu imewashwa au la, na utaona Gmail ya nani.

Fanya kwa mpangilio huu, usiruke. Kwanza zima bakapu. Halafu zile picha unazozitaka zihamishie kwa binti yako kwa WhatsApp au kwenye memori kadi, ndipo uzifute humo ndani ya Photos, na uingie kwenye tupio ulimwage nalo, maana picha za bakapu zinakaa kwenye tupio siku 60 na dogo anaweza kuzirudisha. Kitambulisho anza nacho. Kisha nenda mipangilio, sehemu ya akaunti, ongeza ya kwako mpya, jina lako na paswedi yako, andika kwenye daftari la mahesabu ya korosho sio kwenye simu hiyohiyo (nacheka lakini watu wanafanya). Ya kwako ikishaingia ndipo uondoe ile ya dogo. Majina yake yataondoka yote kwa pamoja bila kumharibia. Yako yaliyokuwa kwenye laini tangu enzi za kitochi hayaguswi, ila uliyosevu juzi juzi yaandike pembeni kwanza.

Ukiiacha akaunti yake humo, dogo akitaka anaweza kuona simu iko wapi kwenye ramani, anaweza hata kuifuta yote akiwa Masasi. Sisemi atafanya. Nasema anaweza.

mama_vitumbua_tanga

Kuhusu bando mimi naongeza, maana mama yangu alinisumbua na hili mwezi mzima, kila siku ananipigia "niongezee, wameniibia tena" mpaka nikawa namlaumu mdogo wangu anaangalia mpira. Kumbe yupo kwenye magrupu matano, la kwaya, la vikoba, la ukoo, na kila grupu watu wanarusha video za salamu za asubuhi zenye maua na kikombe cha chai, na WhatsApp inapakua zote yenyewe hata kama mama hajafungua. Nilienda kwenye mipangilio ya WhatsApp pale pa hifadhi na data, nikatoa tiki za video na sauti, nikaacha picha tu, sasa video anayoitaka anaigusa mwenyewe.

Baba, sababu ya pili ni Play Store. Simu ikikaa dukani muda mrefu programu zote zinakuwa za zamani, ukiwasha data usiku inasema ahaa leo nimepata, inaziapdeti zote. Ingia humo iambie iapdeti kwa wifi tu. Na ukilala zima data, ni alama ile ya mishale miwili ukivuta skrini kutoka juu.

Halafu msiwaambie wazazi simu "imeibiwa bando" wakati ni sisi hatukukaa nao nusu saa. Samahani nimechangia kwa uchungu.

chizi_wa_kitaa

Salamu za asubuhi zenye kikombe cha chai ndio zinamaliza bando la nchi hii.

fundi_wa_kona

Dada kasema kweli tupu. Mzee mbili za mwisho, ni fupi. Simu uliyonunua imeshatumika ihakikishe, bonyeza *#06# utapata IMEI, namba ya utambulisho wa simu yenye tarakimu 15, itume kwa meseji kwenda 15090 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, watakujibu ni simu ya aina gani, kama jibu linasema simu nyingine kabisa na uliyoshika basi ni feki. Mwaka 2016 mwezi wa 6 zile feki zilizimwa usiku mmoja, watu waliamka na matofali. Na WhatsApp ikikutumia namba 6 kwa meseji, hiyo humpi mtu, hata akisema ni mtoto wako kabadilisha laini.

mkorosho_newala

Wakuu narudi. Nilikaa na mjukuu wangu wa kidato cha 2 kutwa nzima, tukafuata kama ilivyoandikwa. Kweli ilikuwa Gmail ya yule kijana, jina lake lote na picha yake amevaa miwani. Kitambulisho kilikuwepo, tumekifuta na kumwaga tupio. Majina yamebaki 61, sijui huyo mmoja wa ziada ni nani lakini yuko kwenye laini kwa hiyo ni wangu nimemsahau.

Nilimpigia kijana, namba ilikuwa kwenye risiti. Kabla sijamaliza salamu akasema "mzee kumbe wewe ndio mwenye mbuzi!" Siku tatu alikuwa anaona mbuzi kwenye simu yake anadhani karogwa, na wateja wake wa A mpaka D haoni. Nikamwambia nilivyoelekezwa na mjukuu, kwamba Google inatunza majina yaliyofutwa siku 30, akaenda kwenye tupio la majina akayarudisha. Aliomba radhi, na mimi nikaomba. Bando la GB 1 leo siku ya nne bado lipo.

IMEI nimetuma, imejibu sawasawa na iliyoandikwa nyuma ya simu.

chizi_wa_kitaa

Hongera mzee. Na Deni 45?

mkorosho_newala

Nilimuuliza. Ni bosi wake.