Kaptembwo: niwaulize nini hawa wanaotaka uMCA?

Chapo za Kaptembwo

Hamjambo wenzangu wa jukwaa hili la Nakuru. Nauza chapati na maharagwe hapa Kaptembwo, tena ni katibu wa chama chetu cha akina mama, watu ishirini na wawili. Wanaotaka uMCA, yaani uwakilishi wa wadi kwenye bunge la kaunti, mwaka 2027 wameanza kupita kwangu kunywa chai. Mtu anakula chapati mbili, analipa za nne, anakataa chenji na kuacha kadi yenye picha yake. Nina kadi tano chini ya sufuria ya unga.

Tumeonelea badala ya kuwasikiliza mmoja mmoja tuwaite wote Jumamosi ijayo, tukishamaliza kuzungusha pesa. Kila mtu dakika kumi. Kazi ya maswali nimepewa mimi.

Shida ni kwamba 2022 tulifanya vivyo hivyo. Tuliuliza, "Mtatufanyia nini?" nami nikaandika majibu kwenye daftari la hesabu la binti yangu. Jana nimelifungua. Wa kwanza: barabara, maji, taa, basari. Wa pili: maji, barabara, basari, taa. Wa tatu aliongeza kiwanja cha mpira. Ukiyafunika majina huwezi kujua nani alisema nini. Tukamchagua mwenye sauti nzuri, na siwadanganyi, hata mimi nilimpa.

Kando ya kibanda changu kuna mtaro. Ulichimbwa vizuri, ukawekwa mawe, halafu ukaishia mbele ya geti la ploti ya jirani kama mtu aliyesahau alichokuwa anasema. Mvua ikishanyesha huko juu, maji yanashuka nao mpaka hapo, yanapanda, yanaingia kwangu. Masika haya nimepoteza gunia zima la maharagwe.

Nipeni maswali ambayo wakiyajibu, majibu hayatafanana. Na msiniambie niulize kuhusu ufisadi, kwani sijawahi kuona mgombea akisema anaupenda.

Karani mstaafu

Dada katibu, hilo daftari usilitupe.

Nimekuwa karani tangu enzi za manispaa, kwa hiyo nivumilie kidogo. Watu bado wanawaita hawa madiwani, na askari wa kaunti tunawaita kanjo, utadhani lile baraza la zamani lipo. Lilikwisha 2013. Nakuru ilipewa hati ya kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021, lakini jiji letu linasimamiwa na bodi, na bodi haipigiwi kura. Unayempigia wewe anaenda kuketi kwenye bunge la kaunti na wenzake 54 waliochaguliwa, wengine wametoka Naivasha, wengine Molo, wengine Kuresoi huko kwenye viazi. Mtaro wako wataupigia kura watu ambao hawajawahi kukanyaga Kaptembwo.

Halafu Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 9, inamkataza mjumbe kujitia kwenye kazi za utendaji. Haajiri mkandarasi. Hatumi trekta. Kazi yake ni kuwawakilisha, kutunga sheria, na kumkagua gavana na watu wake. Kwa hiyo ukimuuliza "utajenga nini" umemshika mkono ukampeleka kwenye uongo.

Muulize kalenda. Uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027. Mwaka wa fedha wa kaunti unaanza tarehe 1 Julai. Maana yake bajeti ya kwanza atakayoikuta ilipikwa na wale waliotoka, makadirio yake yaliletwa bungeni kufikia mwisho wa Aprili. Ataweza kuigusagusa kwa bajeti ya nyongeza, si zaidi. Na tarehe 1 Septemba, wiki tatu tu baada ya kura, sheria inataka mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata uwe umepelekwa bungeni. Mradi usiokuwemo humo hupata pesa kwa taabu. Anayekuahidi kalveti ndani ya siku mia moja, ama hajui ama anajua kwamba wewe hujui.

Steji ya Rhonda

Mzee karani heshima yako, lakini hiyo ni hesabu ya ofisini. Mimi ni mtu wa boda. MCA asiyekuja matangani mimi simjui, aje na kalenda, asije nayo. Mwaka juzi mwenzetu wa steji alipogongwa, mjumbe ndiye aliyetafuta gari la kuleta mwili. Kifungu cha 9 hakikuonekana.

Swali langu mpelekee hivi: ada za kaunti zikiongezwa, atapiga kura gani? Maana kila mwaka kuna mswada wa fedha, na ndimo mnamotoka ada za soko, za kuegesha, za leseni ya kibanda chako pia mama. Huyo wetu anatukumbatia steji, kisha sijui akiwa ndani anainua mkono upande gani.

Karani mstaafu

Kijana wangu, la matanga sibishani nalo, nami nitazikwa siku moja na nitapenda watu waje. Ila kura yake inaweza kujulikana. Katiba, ibara ya 196, inataka vikao vya bunge la kaunti viwe vya wazi. Una haki ya kwenda ukakaa ukasikiliza. Maneno yao huandikwa.

Steji ya Rhonda

Nikikaa huko asubuhi nzima, nani atabeba wateja wangu?

Nakaa London

London hii yetu yenye dampo la Gioto, si ile ya mfalme.

Dada wa chapati, ongeza swali la taka. Kila mgombea wa huku kwetu anasema, "Nitaliondoa dampo." Makofi! Sawa, liende wapi? Ninyi wa Kaptembwo mtalipokea? Barut je? Taka za mji mzima zinaishia mlangoni kwetu, moshi ni wetu, na wapo watu wanaookota chupa na vyuma pale ndiyo wanalisha watoto. Mwulize ataje wadi. Mwenye kupinga dampo bila kutaja litakapohamia anasubiri tu makofi. Na akisema taka zitenganishwe nyumbani, mwulize nani atakayelipia magunia, maana sisi wapangaji tunajua atakuwa landilodi, na landilodi atazirudisha kwetu kwenye kodi.

Mwalimu wa chekechea

Kwa ufupi, kwa sababu watoto wamelala na wataamka sasa hivi. Wengi wataahidi visima. Maji ya chini ya ardhi huku Bonde la Ufa yana floraidi nyingi, ndiyo maana meno ya wengi wetu yana rangi ya chai. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Mgombea wa kisima aulizwe maji yatapimwa na nani, na floraidi ikizidi yatachujwa kwa njia gani. Kuna njia ya mkaa wa mifupa, imetumika hapahapa Nakuru. Kama hajawahi kuisikia, basi anatuongezea meno ya rangi ya chai tu.

Lingine: chekechea ni kazi ya kaunti, shule ya msingi na sekondari ni za serikali kuu. Anayeahidi kuleta walimu wa sekondari anagombea kiti kingine.

Chapo za Kaptembwo

Nimerudi. Jumamosi imepita, wacha niwape ripoti kabla sijaanza kukanda.

Kati ya watano walikuja wanne. Niliwauliza matatu: mwaka wa kwanza utafanya nini na bajeti si yako, mtaro huu uishie wapi, dampo lihamie wadi gani. La ada nililisahau, steji nisameheni, niliogopa dakika zitaisha.

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi alisema yeye hangoji bajeti, atamaliza mtaro kwa saruji yake mwenyewe. Akina mama wakapiga vigelegele. Mwekahazina wetu, ambaye hacheki kwa urahisi, akamuuliza, "Na saruji ikiisha?" Akasema haitaisha. Nimeandika hivyo hivyo, "haitaisha".

Wa pili ni mama aliyekuwa wa nyumba kumi, anajua kila ploti. Alitaka mtaro uendelezwe hadi Mto Njoro. Nilikuwa nimeshaanza kumpenda, mpaka shangazi mmoja wa Mwariki akasimama. Huyo nyumba yake ilichukuliwa na Ziwa Nakuru, ambamo mto huo humwaga maji yake. Akamwambia, "Mwanangu, maji mnayoyasukuma huku juu sisi tunayanywa kwa miguu." Mama akanyamaza muda mrefu, halafu akasema basi kuwe na mashimo ya kuyapunguza njiani kabla ya kufika mtoni, lakini hajui ardhi itatoka wapi. Mimi nilimpa alama kwa kule kunyamaza.

Kijana mwenye digrii aliijua kalenda kuliko karani wetu. Tarehe 1 Septemba aliitaja kabla sijamaliza swali. Dampo akasema lisihamie popote, taka zipunguzwe kwanza, na masoko ndiyo yaanze kwa sababu taka zake ni za kuoza na zinaweza kuwa mbolea. Mazuri. Ila nilipomwomba anionyeshe mtaro wenyewe uko upande gani, aliangalia kulia. Uko kushoto, alikuwa ameuruka akiingia.

Wa nne alisema dampo liende Barut, kavu hivyo. Kumbe mmoja wetu kaolewa Barut. Hatukumaliza dakika zake.

Nakaa London

Huyo angalau alitaja wadi! Nilikwambia ni swali zuri.

Karani mstaafu

Yule kijana na yule mama wangekuwa mtu mmoja ningewahi foleni alfajiri. Andikeni la mtaro liwe ombi rasmi kwa bunge la kaunti, kifungu cha 15 cha sheria ileile kinawapa haki hiyo, hata leo, msingoje 2027. Mkitaka nitawasaidia kulipanga.

Chapo za Kaptembwo

Njoo Jumanne mzee, chai ni juu yangu. Sahihi ishirini na mbili ninazo, na ya shangazi wa Mwariki.

Steji ya Rhonda

Na yule wa tano?

Chapo za Kaptembwo

Amepita leo asubuhi. Eti Jumamosi alikuwa na mazishi matatu. Nikamuuliza swali la ada, lile lako, akasema atashauriana na wananchi. Amekula chapati mbili, akalipa za nne, akageuka kuondoka. Nimemwita nikamrudishia chenji yake.