Holda ya lenzi ya kiunoni imeniangushia lenzi ya 70-200 katikati ya harusi, na aloniuzia kanibloku

Asalaam aleikum wanajukwaa. Leo sina utani na mtu, nna hasira tangu Ijumaa na bado hazijanishuka, mkiona herufi zimenipotea nisameheni.

Mie napiga picha harusi hapa Unguja, upande wa wanawake tu, mwaka wa sita huu. Wasojua mambo yetu niwaeleze kidogo: ukumbi wa wanawake mpiga picha mwanamme haingii, na simu za wageni zinawekwa mlangoni, na akipita mmoja na yake ya kificho kuna mama mzima kazi yake kuzunguka kuiteremsha. Kwa hiyo picha nikiikosa mie ndo imekosekana, hakuna shoga wala shangazi aloichukua kwa simu mkaja kuombana baadae. Lishikeni hilo kwanza.

Nna bodi moja tu ya Canon, yaani kamera yenyewe bila lenzi, ya pili nliiuza mwaka jana kwa shida zangu. Lenzi nnazo tatu (hizo namba ni milimita, ikizidi ndo inavuta mbali zaidi), 24-70, kile ki-50 cha f/1.8, na 70-200 f/2.8 ile ya toleo la pili, nyeupe, nlonunua kwa mtu milioni mbili na laki tatu na nkailipa kwa mafungu miezi minane. Bodi moja lenzi tatu maana yake usiku kucha unabadilisha. Mkoba nlikuwa nauweka chini ya jukwaa, kila nikitaka lenzi nainama natambaa kati ya magauni, siku nyengine nakuta mtoto kaukalia anakula keki. Ndo nlipoliona tangazo la holda ya kuvaa kiunoni, "badili lenzi kwa sekunde tatu", na video ya mzungu anapanda mlima na suruali yake ya mifuko kumi, anazungusha tu, tak tak, mambo yamekwisha. Nkasema Mungu kanisikia.

Na wazo lenyewe sikatai ni zuri, tena sana. Holda ina midomo miwili ilopeana mgongo, kila mmoja una maunti, yaani pale lenzi inapofungwa, kama ya kwenye kamera. Upande mmoja umening'iniza lenzi, wa pili mtupu. Unaivua lenzi ya kwenye kamera unaibandika upande mtupu, unaigeuza holda, unachukua ile nyengine unaivisha, hakuna kushika vifuniko vya nyuma kwa meno wala kuomba mkono wa tatu. Nlifanyia mazoezi nyumbani kwa ile 50 na kweli, sekunde tatu hazifiki tano.

Tatizo la kwanza mkanda. Kile kibanio chake ni cha kushika mkanda wa suruali. Mie kazini navaa baibui, nna jepesi langu la kazi ili watu wajue huyu si mgeni, sasa kinashika wapi? Nkachukua kanga nkaikunja nkajifunga kibwebwe juu ya baibui, holda nkaibana kwenye kanga. Yaani nimejifunga kibwebwe kwa maana zote mbili. Harusi mbili za mwanzo nkabeba 50 na 24-70, ikashika, nkaanza hata kuwasifia wenzangu, astaghfirullah.

Ijumaa ndo nkaitundika 70-200. Harusi kubwa, watu wamejaa hadi ngazini, taarab imekolea, nyimbo ya mama ikapigwa na mama wa bi harusi akanyanyuka kwenda kumtunza mwanawe. Mie niko mbali kidogo na 24-70 kwenye kamera, nikajua hii ndo ya kuichukua kwa karibu, machozi na yote. Sasa mnajua mama akinyanyuka ukumbi mzima unanyanyuka, noti mkononi, kila mtu anasukuma. Mtu kanipita ubavuni kanisugua, wala hakunisukuma kwa nguvu, kanisugua tu na pochi yake, nkasikia kiuno kimekuwa chepesi. Wallahi nlijua kabla sijatazama chini. Kilo moja na nusu kasoro gramu kumi ikitoka kiunoni mwako mwili unajua.

Ikaangukia vigae, kichwa chini, na kabla sijainama kiatu cha mchuchumio kikaipiga teke ikaenda chini ya meza ya juisi. Mie nkaifuata kwa magoti. Nilipoinuka mama keshamkumbatia mwanawe keshamwachia anarudi kiti chake. Nna picha ya mgongo wake.

Filta vipande, pete ya mbele imepinda, na zumu ikifika 135 inagoma. Fundi niloipeleka kasema laki saba na nusu kama kipuri kitapatikana, na hakuniahidi kwamba stabilaiza, ile ya kutuliza mtikisiko wa mkono, itarudi kama zamani.

Usiku ule sikulala, nkachukua bisibisi nkaifungua holda. Jamani. Ndani ni vile vifuniko vya nyuma vya lenzi vya plastiki, vile vile vinavyouzwa elfu tatu, viwili vimebandikwa gundi mgongo kwa mgongo na skurubu mbili. Lock yenyewe ni kijiti cha plastiki chembamba kama cha kuchokolea meno kikisukumwa na springi ya kalamu ya biki. Na kitufe cha kufungulia hakikuzama ndani, kimechomoza nje, chochote kikikigusa kinafungua: pochi, kiwiko, mkono wa mtoto. Kwenye bodi ya Canon lenzi inashikwa kwa masikio matatu ya chuma na pini ya chuma inaingia kwenye tundu lake. Na hata hapo lenzi nzito kama hii unatakiwa uibebe kwa lenzi yenyewe au kwa ile pete ya traipodi, si kuiachia ining'inie kwenye maunti. Hawa wameining'iniza kwenye plastiki. Ile 50 haifiki hata gramu 200 ndo maana ilishika, na kwenye boksi hakuna popote paloandikwa inabeba uzito gani, nimeligeuza boksi pande zote sita.

Haya, nkamwandikia muuzaji. Simtaji, lakini yeye anajijua na namuona anasoma humu. Yuko Dar, mzigo wake unakuja kwa boti. Elfu themanini na tano alichukua siku hiyo hiyo hakuchelewa. Kwanza kaniambia garantii ni siku saba. Nkamwambia sitaki garantii nataka unieleze inabeba kilo ngapi. Akajibu "dada kwani uliivaa na nini", nkamtumia picha, mie mjinga, akasema hiyo haijatengenezwa kuvaliwa juu ya baibui, kosa ni la mvaaji. Baba wee! Kanga haikufunguka! Holda ilibaki kiunoni imeshika vizuri, kilichofunguka ni lock yako! Nlipomtumia picha za ndani yake, springi na gundi, kanibloku.

Kisha nkapata habari ya shoga yangu mwengine anaepiga upande huu huu wetu, yeye ana kamera za Canon za maunti mpya ya RF, kauziwa holda hiyo hiyo kwa kuambiwa "Canon ni Canon dada". Haikuingia kabisa. EF, hii ya kamera yangu, ni maunti ya 1987, RF imekuja 2018, upana wa mdomo ni ule ule milimita 54 lakini masikio yake hayalingani. Na kuna mwenye kamera ya Nikon kaambiwa ataizoea, wakati lenzi ya Nikon inafungwa kwa kuzungusha upande wa kinyume na Canon, atazoea vipi, ataivunja.

Na kitu chengine nlikuwa nakinyamazia. Ule upande mtupu unakaa wazi muda wote kama bakuli. Nlikwenda nao Paje kupiga maharusi ufukweni, kaskazi inavuma, mchanga wote ukaingia mle. Unabandika lenzi pale, vumbi linashika nyuma ya lenzi, ukiirudisha kwenye kamera limeshafika kwenye sensa, kile kioo cha ndani kinachoinasa picha. Nlipopiga f/16, yaani tundu la lenzi limebanwa dogo, mbingu yote madoa kama tui liloingia pilipili manga. Siku mbili nafuta madoa kwenye kompyuta.

NIMEONGEZA: naona kuna kaka anasema nivae suruali na mkanda wa ngozi. Kaka yangu, nikivaa hivyo harusi ya nani wataniruhusu? Na mkanda wa ngozi utaizuiaje plastiki isifunguke? Soma tena taratibu.

Mlouliza natumia nini sasa: nimempelekea fundi mabegi wa Darajani turubai na sponji la godoro, kanishonea mifuko miwili mirefu yenye mfuniko wa velkro na kamba pana ya kupita begani, lenzi inakaa kitako chini na kifuniko chake cha nyuma kama kawaida. Elfu ishirini na tano. Sekunde tatu hakuna, ni kama kumi na tano, na ile velkro inalia kraaa mtu akiomba dua wanageuka wote. Nshamwambia abadilishe aweke vifungo vya kubana.

Sasa ombi. Alhamisi ijayo nna harusi Mwanakwerekwe na nimebaki na 24-70 na 50. Mwenye 70-200 ya EF ya kukodisha siku moja aniandikie inbox, aje nayo mwenyewe kama ananiogopa, nje ya ukumbi kuna pa kukaa na biriani ntamtolea. Kama ni mwanamke aingie kabisa.

Na wewe muuzaji, elfu themanini na tano zangu.