Mjadala: Je, kuna mkopo wa nje usio na siasa ndani yake?

Wadau, kuna hoja inayorudiwa sana: mikopo ya Magharibi huja na masharti ya siasa, ya China ni biashara tupu. Wengine wanaigeuza, kwamba Mchina ndiye anayetunasa kwa madeni. Naona wote wanabishania sura ya mkopeshaji na kuuacha mkataba.

Nianze na ya nyumbani. Mwaka 1965 Tanzania iliwaruhusu Wajerumani Mashariki kuwa na ubalozi mdogo Dar es Salaam. Ujerumani Magharibi, iliyopinga nchi nyingine kuitambua Ujerumani Mashariki, ikakasirika, ikaondoa msaada wake wa kijeshi. Mwalimu Nyerere hakubembeleza. Akawaambia wachukue na misaada mingine yote ya serikali yao. Desemba mwaka huohuo tukavunja uhusiano na Uingereza kwa kushindwa kuwazuia walowezi wazungu waliojitangazia uhuru Rhodesia (Zimbabwe ya leo), na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukazuiliwa. Kwa nchi changa hilo lilikuwa pigo, lakini kila mtu alijua tunakataa nini na kwa nini.

Ikaja TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia. Magharibi walisema reli hiyo haitalipa. China ikatoa mkopo usio na riba, na kilomita 1,860 zikakabidhiwa mwaka 1976. Siasa ilikuwemo tele. Beijing ilikuwa inatafuta kiti Umoja wa Mataifa, ikakipata Oktoba 1971 kwa kura nyingi za Afrika, yetu ikiwemo. Ila Tanganyika iliitambua Beijing tangu uhuru, kabla hatujazungumza nayo kuhusu reli, kwa hiyo sikubaliani na wanaosema kura ile ilinunuliwa.

Sasa tazameni SGR ya Kenya, ile reli ya kisasa ya Mombasa hadi Nairobi. Mikataba ya mkopo na Exim Bank ya China, benki ya serikali yao, ilisainiwa mwaka 2014, treni ikaanza 2017. Wananchi waliodai kuiona mikataba hiyo wakapigwa danadana hadi Novemba 2022, Kipchumba Murkomen, Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, alipoitoa sehemu hadharani. Ndani yake kulikuwa na kifungu cha usiri, sheria inayotumika ni ya China, na ugomvi ukizuka usuluhishi ni Beijing. Kufikia hapo Mombasa ilikuwa imeshaumia: makasha yalilazimishwa kupanda treni hadi Nairobi ili reli ipate mzigo, na madereva wa malori, mafundi na mama ntilie wa barabarani wakakosa riziki. Agizo hilo lilifutwa baada ya uchaguzi wa 2022.

Watu wanaogopa bandari kutwaliwa deni lisipolipwa. Mimi naogopa zaidi usiri. Serikali ikishasaini kifungu kile, inakuwa na siri na mgeni dhidi ya raia wake. Mgeni huyo akija kuomba kura kwenye vikao vya Umoja wa Mataifa New York au Geneva, itamkatalia kwa nguvu gani?

Kwetu, sheria ya mikopo ya mwaka 1974 inampa Waziri wa Fedha mamlaka ya kukopa kwa niaba ya nchi. Napendekeza kila mkataba wa mkopo wa nje uwekwe mezani bungeni kabla ya kusainiwa, utoke Beijing, Washington au Abu Dhabi. Najua nitaambiwa wakopeshaji watakimbia. Anayeamini hivyo aje atueleze ni kifungu gani hasa ambacho mlipa kodi hapaswi kukisoma.