Tupeane uzoefu: mliposoma utamaduni wa programu huria darasani, mjadala uliwafikisha wapi?

Mleta mada

Ndugu wanajukwaa, salaam. Kwa miaka mitatu sasa nafundisha somo la uhandisi wa programu katika chuo kimoja hapa Tanzania, na wiki mbili za somo hilo nimezitenga kwa ajili ya kusoma na kujadili utamaduni wa programu huria (programu za kompyuta ambazo yeyote anaruhusiwa kuzisoma, kuzibadili na kuzigawa), yaani jinsi watu wasiofahamiana wanavyogawana kazi, wanavyogombana na kupatana bila mwajiri mmoja juu yao. Naanza na lililonipata mimi, kisha naomba aliyesoma au kufundisha jambo hili naye aeleze.

Andiko la kwanza ninalowapa wanafunzi ni insha ya Eric Raymond ya mwaka 1997, inayolinganisha programu zinazojengwa kama kanisa kuu, na mafundi wachache waliojifungia, na zile zinazojengwa kama soko lenye kelele ambako kila mtu huja na chake. Mfano wake mkubwa wa soko ni Linux, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta. Mwaka wa kwanza niliifundisha kama nilivyofundishwa: kanisa ni amri, soko ni uhuru. Mwanafunzi mmoja ambaye mama yake huuza nyanya gulioni alinyoosha mkono, akasema kuwa gulio analolijua yeye lina mwenyekiti, lina ushuru, lina nafasi ambazo haziguswi hata mwenyewe akiwa msibani, na mgeni hapangi bidhaa zake mpaka apate mwenyeji wa kumpokea. Kisha akauliza: katika Linux, mwenyekiti wa soko ni nani?

Muda wote uliobaki tuliutumia kwa swali hilo. Tulifuatilia jinsi marekebisho yanavyopita kwa wasimamizi wa sehemu mbalimbali za kiini cha Linux kabla ya kumfikia Linus Torvalds, mwenye neno la mwisho juu ya kinachoingia, na wanafunzi wakatambua kwamba waliyemdhania mgeni asiye na mwenyeji, kumbe ana ngazi za kupanda. Tangu siku hiyo siifundishi insha ile bila kwanza kuwauliza wanafunzi gulio la kwao linaendeshwaje.

Mchangiaji, Dodoma

Mwalimu, ahsante kwa mada. Sisi tulianza na Richard Stallman, mwanzilishi wa harakati za programu huru, na tangazo lake la Septemba 1983 la GNU, mradi wa kujenga mfumo huru wa kuendeshea kompyuta. Neno la Kiingereza alilolichagua, "free", lina maana mbili, ya kutolipiwa na ya kutofungwa, na ameifafanua tofauti hiyo kwa miaka mingi. Sisi tuliona ufafanuzi huo hautuhusu, kwa kuwa bure na huru tumezijua kuwa mbali tangu utotoni. Mhadhiri wetu alituzuia tusiharakishe, akatuuliza tunamaanisha nini tunaposema "amejisumbua bure" au "mtu bure kabisa".

Nilimwelewa nilipokwenda mafunzo kwa vitendo. Ofisi niliyopangiwa ilikataa LibreOffice, programu huria ya kazi za ofisini kama kuandika barua na kupiga hesabu, kwa hoja kwamba kitu cha bure hakiaminiki, ikaendelea kutumia nakala isiyo na leseni ya programu ambayo ilipaswa kulipiwa. Nilijaribu kueleza kuhusu mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambao mwaka 2004 ulitoa OpenOffice, programu huria ya aina hiyo hiyo, kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice. Hapo ndipo thamani ya neno huru inapoonekana, kwa kuwa leseni ilikwisha kutoa ruhusa ya kutafsiri na hapakuwa na mlango wa kwenda kubisha. Sikufanikiwa kuwashawishi, lakini bado naamini hoja ni hiyo, wala si bei.

Mchangiaji, Eldoret

Darasani kwetu mwalimu alifananisha programu huria na harambee, nasi tukakubali mara moja. Kisha tukasoma habari za Heartbleed, kasoro ya OpenSSL (programu huria inayolinda siri za mawasiliano ya mtandaoni) iliyotangazwa Aprili 2014 baada ya kukaa ndani yake kwa takriban miaka miwili. Raymond alidai kwamba macho yakiwa mengi kasoro hazijifichi, lakini hapa sehemu kubwa ya tovuti za dunia ilitegemea programu iliyokuwa na mfanyakazi mmoja tu wa muda wote, na michango ya takriban dola 2,000 kwa mwaka. Mwenzetu mmoja alisema kwamba katika harambee majina husomwa hadharani pamoja na kiasi alichotoa kila mtu, na asiyetoa hujulikana. Kwenye OpenSSL kampuni tajiri zilikula karamu bila daftari la michango kufunguliwa. Sijasikia ukosoaji bora kuliko huo.

Mleta mada

Dada wa Eldoret, naomba ruhusa ya kulipeleka daftari hilo darasani kwangu. Je, baada ya mjadala kuna aliyechangia chochote?

Mchangiaji, Eldoret

Ruhusa unayo, mwalimu. Tulikuwa ishirini na sita, wanne tulichangia. Mimi nilisahihisha aya mbili za maelezo ya programu moja ya takwimu ninayoitumia. Msimamizi alinirudishia mara tatu, kwa sentensi fupi zisizo na salamu, na mara ya kwanza nililia. Mara ya tatu niliona kwamba kila sentensi yake ilihusu maandishi yangu, hakuna hata moja iliyonihusu mimi. Aya zile zipo mpaka leo.