Huyu "ticha" wa Kiingereza wa Dodoma mnamlea wenyewe! Eti "GIVE IN your old phone"!!!

Mlenda Mkavu (mwanzisha uzi)

Wakuu, jina silitaji, mnamjua. Yule wa miwani ya jua hadi usiku, mwenye darasa la Kiingereza kwenye grupu, kila sauti anayorekodi inaanza na kukohoa. Leo kabandika tangazo aliloliandikia duka moja la simu hapa mjini, na anatamba kwamba kalipwa:

"GIVE IN your old phone and TAKE OVER a new one! Trade in it with us, top up small, no return back."

Give in. Jamani, GIVE IN! Mteja katoka zake Nkuhungu na kisimu chenye kioo kilichopasuka, anafika mlangoni anaambiwa asalimu amri! Alipoambiwa kwa adabu kwamba hapo panatakiwa "trade in", akajibu mbele ya grupu zima: "Kiingereza chako ni cha zabibu za kwenye ndoo." ZABIBU ZA KWENYE NDOO! Anayesema hivyo ndiye aliyeandika give in!

Haya, kwa faida ya mnaomlipa ada. Ukipeleka simu ya zamani muuzaji akaihesabu kama sehemu ya malipo, Kiingereza chake ni "trade in your old phone for a new one". Kinachotangulia "for" kinakutoka mkononi, kinachofuata ndicho unachoondoka nacho. "With" ni ya mtu unayebadilishana naye: "I swapped phones with Asha", lakini "I swapped my phone for a radio". Sisi tukisema "nimebadilisha simu na redio" hatusemi ipi imetoka, msikilizaji anajiongeza. Ndiyo maana watu wanabeba "na" yao wanaitafsiri "with", halafu mnunuzi wa Kizungu hajui auze nini anunue nini.

Na hiyo "trade in it" ni msiba wa pili. Jina la kitu unaweza kuliweka mwisho au katikati, "trade in your phone" au "trade your phone in", zote sawa. Ila "it" na "them" lazima zikae katikati: "trade it in". Ukiiweka mwisho unasikika kama unafanya biashara ya hicho kitu, kama vile "she trades in grapes", yaani mama anauza zabibu, wala habadilishi chochote na mtu. Zabibu tena. Zabibu za kwenye ndoo! Bado siamini.

"Take over" sitaigusa sana. Ni kushika madaraka, kutwaa kampuni, au kumpokea mwenzako zamu. Simu unaipinduaje?

Shangazi wa Makole

Povu lote hili kwa ajili ya tangazo la simu? Umekula lakini?

Fundi Kioo

Nakazia, maana matangazo ya hivi ndiyo yanatuletea wateja waliochanganyikiwa. "Swap out the battery" ni kutoa betri ya zamani na kuweka nyingine. "Swap over" ni vitu viwili kupeana nafasi, mfano laini ya kwanza inahamia tundu la pili na ya pili inakuja la kwanza. Mteja anayeandika "swap over my battery" anataka betri yake niipeleke wapi?

Halafu "replace" na "substitute" zinageukiana. "Replace the old battery with a new one": ya zamani inatajwa kwanza. "Substitute a new battery for the old one": mpya inatajwa kwanza. Ukikosea mpangilio kwenye ujumbe wa oda, unatumiwa kile ulichotaka kukitoa.

Mdau wa Mtumba

Mleta uzi punguza jazba. Kwa Waingereza "give in" ni sahihi pia. Mwanafunzi "gives in his homework", anakusanya daftari kwa mwalimu. Wamarekani ndio wanaopendelea "hand in" au "turn in". Kwa hiyo ticha ana sehemu yake ya haki.

Mlenda Mkavu

Kwa hiyo dukani wanasahihisha simu na kuipa vema? "Give in" ya daftari na "hand in" ni za kukabidhi kitu kwa mwenye mamlaka: mwalimu, mapokezi, polisi ukiokota pochi. Hakuna unachopewa badala yake! Tangazo ni la kubadilishana. Na mbona hamgusi ile ya ndoo? Mtu anamwambia mwenzie zabibu za kwenye ndoo nanyi mnamtafutia vifungu vya utetezi!

Mdau wa Mtumba

Basi yaishe, bosi. Ila huku maofisini hali ni mbaya zaidi. Wanaandika "hand over your form at the reception", fomu ya kurasa mbili. "Hand over" ni makabidhiano ya funguo, gari, ofisi, mtuhumiwa. Fomu ni "hand in". Na zile karatasi za semina zinagawiwa, "hand out". Ukizichanganya, mtu anasimama mlangoni anagawa fomu alizotakiwa kuzikusanya.

Zabibu Nyekundu

Mimi nimekuja kutetea zabibu. Zina kosa gani?

Konzi la Kikuyu

Mmeruka "return back". "Return" imeshabeba "back" yake, kwa hiyo tangazo liandikwe "Goods once sold cannot be returned", inatosha. Ukiitaka "back" tumia kitenzi kingine, na hapo angalia umesimama wapi. Muuzaji akiwa dukani anakwambia "bring it back with the receipt". Wewe ukiwa nyumbani unasema "I'll take it back". Ukiipakia kwenye basi la Dar ni "send it back". Na duka likikubali kuipokea, nalo linasema "we'll take it back". Ndiyo, "take back" inatumiwa na pande zote mbili, msinitolee macho.

"Top up" nayo ni ya kujaza kilichopungua: salio, glasi, tangi. Pesa unayoongezea juu ya simu ya zamani ni "pay the difference". Lakini maduka yote ya simu Tanzania yameshazoea "top up", hiyo vita tumeshindwa.

Mama Ubwabwa wa Sabasaba

Mnahangaika na simu, kuna wanaosema "borrow me ten thousand". Aliyenacho ni "lend", asiyenacho ni "borrow from". Kuazima kwetu kunafanya kazi zote mbili ndiyo maana wanateleza. Sema na wanaoomba hivyo huwa hawarudishi, kwa lugha yoyote ile.

Bodaboda Ipagala

Umegusa kidonda. Wale wakopeshaji wa kausha damu wanakwambia "pay back" kila wiki, wewe unadhani umemaliza. "Pay back" ni kurejesha, hata kidogo kidogo. Deni likiisha kabisa ndiyo "pay off". Soma hilo neno kwenye karatasi yao kabla ya kusaini, maana pikipiki inaondoka mchana kweupe.

Mlenda Mkavu

Wakuu turudi kwenye mada. GIVE IN. Kalipwa kwa ajili ya give in!

Shangazi wa Makole

Tumekusikia baba. Kausha damu wanachukua hadi magodoro siku hizi, au ni uzushi?

Bodaboda Ipagala

Si uzushi. Godoro, jiko la gesi, sabufa. Wanaanza na sabufa.

Zabibu Nyekundu

Afadhali hao wanakuja na karatasi. Makonda wa daladala za UDOM je? Unatoa noti ya 5,000, anakwambia "chenji baadaye", unafika chuo kageuka bubu.

Konzi la Kikuyu

Anakuandikia nyuma ya tiketi chenji unayomdai halafu anashukia njiani, gari inaendelea na konda mwingine asiyejua lolote.

Mama Ubwabwa wa Sabasaba

Mbaya zaidi anawaunganisha. Noti moja kwa abiria watatu msiojuana, "mtagawana hapo chini". Mimi na wanafunzi wawili tunazunguka kituoni kutafuta chenji kwa muuza karanga, naye hataki kuchenji mpaka ununue.

Fundi Kioo

Wa Nanenane wanafanya hivyo hivyo. Ukidai, muziki unaongezwa sauti.