Diploma Bagamoyo au digrii Mlimani kwa anayetaka ustejimeneja?

Kambaulaya: Wakuu, dogo kamaliza kidato cha sita, hataki kuigiza wala kuimba, anataka awe yule wa nyuma ya pazia anayeendesha shoo. Mi nasema TaSUBa, kile chuo cha sanaa cha Bagamoyo, akachukue diploma maana nasikia pale vitendo ndo vingi, mzee kakomaa na digrii ya sanaa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani. Mnashaurije?

Fundi Sumu: Miaka mitatu kusomea kupanga viti 😂 Asome uhasibu, viti atapanga Jumamosi kwenye maharusi.

Binti Dunda: Wewe umenichefua. Stejimeneja ndo anashika skripti yenye kyuu zote, yaani ishara za nini kifanyike lini, taa ipi, sauti ipi, nani anaingia kushoto, na asipotoa kyuu kwenye hedseti taa haiwaki hata dairekta apige kelele. Shoo ikishafunguliwa dairekta anaenda zake, anayebaki kuilinda isiharibike ni huyo unayemwita wa viti.

Fundi Sumu: Sawa mama hedseti. Ukumbi wa Bagamoyo si uliungua?

Binti Dunda: Uliungua 2002, ukajengwa upya, we ulikuwa umelala wapi?? Na mama yako yuko kwenu.

Mzee wa Nkrumah: Tulieni. Kile chuo kipo tangu 1981, kikiitwa Chuo cha Sanaa, hiyo TaSUBa imekuja 2007 hivi. Mi nimesoma Mlimani, nadharia ipo na inasaidia, usipojua kusoma tamthilia utaandaaje ratiba ya mazoezi? Dogo aulize kote kuwili: mwanafunzi anakabidhiwa shoo nzima, toka mazoezi ya kwanza mpaka kubomoa seti, au anabeba tu mapazia? Cheti kije baadaye.

Msanii wa 254: Si mumtume tu Kenyatta University, kuna theatre arts poa. Na sisi tuko na National Theatre tangu 1952, shoo inaanza saa yake. Huko kwenu mnangoja MC afike.

Fundi Sumu: Eti saa yake 😂 Nairobi hiyo hiyo ya foleni?

Msanii wa 254: Foleni ni ya barabara bana, si ya steji. Stage manager wetu akisema nusu saa ni nusu saa.

Kambaulaya: Sasa ndugu zangu, MC kaingiaje hapa

Fundi Sumu: Kaingia kwa sababu yeye ndo anaondoka na bahasha, wa hedseti anagombania wali jikoni. Nitajieni mmoja aliyejenga kwa kazi hiyo.

Binti Dunda: Nikikutajia utamjua? Si ndo maana hawaonekani, kazi yao ikienda vizuri hakuna anayewaona. Wanaofanya matamasha na mikutano ya mashirika wanalipwa, tena kwa mkataba.

Wa Forodhani: Aje huku Zanzibar kwenye tamasha la muziki la Sauti za Busara mwezi wa pili, pale Ngome Kongwe bendi zinapishana jukwaa moja, hii inashuka ngoma ile inapandisha gitaa, mtu wa steji hakai chini. Ajitolee aone kama anaiweza kabla hajalipa ada popote.

Fundi Sumu: Ajitolee, na nauli ya boti unamlipia wewe?

Wa Forodhani: Boti nalipa. Kulala atalala kwako, si una viti vingi.