Naomba ushauri: kuvuta WiFi ya bure hadi ndani

Wakuu, habari za jioni. Nimepanga Sinza, na bando linanimaliza; watoto wakifungua YouTube tu, GB zimeyeyuka. Sasa mwenye steshenari ng'ambo ya barabara, mtu muungwana kwelikweli, kanipa nywila ya WiFi yake niitumie bure usiku akishafunga, maana analipia kwa mwezi na haina kikomo.

Tatizo ni mawimbi. Kibarazani yanashika kidogo, chumbani hakuna kitu. Najua 2.4 GHz hupenya ukuta vizuri kuliko 5 GHz na ndiyo ninayotumia, lakini hizi tofali hazina huruma.

Je, ninunue ripita (kifaa cha kudaka WiFi na kuirusha tena) niichomeke karibu na dirisha, au antena ya nje ya kuelekeza dukani kwake? Ripita yenye redio moja hukata kasi karibu nusu, kwa kuwa inapokea na kurusha kwa zamu. Aliyewahi kufunga anipe uzoefu, na bei za Kariakoo.

Programu za kuiba nywila za majirani msiniletee, tafadhali. Halafu, huyu jamaa nikimnunulia umeme wa LUKU kila mwezi, ataona namdharau?